Pombe inayochacha siku ya tatu: Hesabu ya vyombo kwa wapika pombe wa Tabora

NOVEMBA mwaka 1857 msafara wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, ulifika Kazeh, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1860, Burton alieleza jinsi pombe ya nafaka ilivyopikwa katika njia hiyo ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Nusu ya nafaka ililowekwa mpaka ikaota, ikatwangwa na kuchanganywa na nusu nyingine iliyosagwa, wakati mwingine ikatiwa asali kidogo. Mchanganyiko huo ulichemshwa mara mbili au tatu katika vyungu vikubwa, ukachujwa na kuachwa uumuke. Msafiri huyo aliongeza jambo moja ambalo mpika pombe yeyote wa Tabora analijua hadi leo: baada ya siku ya tatu, pombe hiyo huwa kali kama siki.

Wapagazi wa Kinyamwezi wameshapita, reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na chungu kimepisha pipa. Lakini siku ya tatu bado ipo palepale. Mama anayepika Jumatano ili auze Ijumaa na Jumamosi anajua kwamba kitakachobaki Jumapili jioni ni hasara. Atakiuza kwa bei ya kutupa, atawapa majirani, au atamwaga. Katika biashara ambayo faida yake ndiyo ada ya mtoto na ndiyo rejesho la mkopo wa kikundi, lita 20 au 30 zinazomwagwa kila wiki si jambo dogo.

Ndiyo maana katika miji mingi ya nchi hii mafundi bati na mafundi wa kulehemu hupokea maombi ya wapika pombe: pipa litiwe koki, ndoo itobolewe mfuniko, jiko lijengwe upya. Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: katika vyombo hivyo, ni kipi kinacholipa gharama yake, na ni kipi kinachomwongezea mpika pombe deni tu?

Kwa nini pombe huchacha

Kuchacha kwa pombe kuna sababu mbili, na kila moja ina dawa yake. Anayezichanganya hununua chombo kisichotibu ugonjwa alionao.

Sababu ya kwanza ni hewa. Vijidudu vinavyogeuza kileo kuwa siki haviwezi kufanya kazi hiyo bila hewa. Kila mara mfuniko unapofunuliwa na kata inapotumbukizwa, hewa mpya huingia pamoja na vijidudu vipya. Dawa yake ni chombo kilichofungwa, chenye njia ya gesi kutoka na koki ya kutolea pombe bila kufunua.

Sababu ya pili ni uchachu ule wa maziwa ya mgando. Vijidudu vyake havihitaji hewa. Huja na kimea chenyewe, na hujificha kwenye mikwaruzo ya ndoo na kwenye kitambaa cha kuchujia ambacho hakikuchemshwa. Hapa mfuniko hausaidii. Dawa ni moto na usafi: kuchemsha uji baada ya kimea kumaliza kazi yake, kuupoza haraka, na kuanzishia kwa hamira au mashapo ya pombe nzuri badala ya kusubiri chochote kitakachoangukia chomboni.

Pombe ya mtama ina uchachu kidogo kwa asili yake, na wateja wanaupenda. Hivyo lengo si kuuondoa, bali kuuzuia usizidi mapema mno. Vyombo bora huongeza siku, haviongezi miezi. Mpika pombe anayeahidiwa na fundi kwamba pombe yake ya kimea itakaa mwezi mzima anadanganywa.

Kipimajoto na jiko

Chombo cha kwanza kununua ni kidogo kuliko vyote: kipimajoto. Kimea cha mtama hugeuza wanga kuwa sukari vizuri zaidi uji ukiwa na joto la nyuzi 60 hadi 65. Kikitiwa kwenye uji unaochemka, nguvu yake hufa papo hapo. Kikitiwa kwenye uji uliopoa mno, hufanya kazi polepole huku vijidudu vya uchachu vikipata nafasi. Wapika pombe wazoefu hukadiria joto kwa kidole au kwa muda, na wengi hupatia. Lakini kosa moja katika mapishi matano ni sehemu ya tano ya kazi ya mwezi.

Wanaonunua kipimajoto Tabora wasishtuke kikionyesha nyuzi 96 maji yanapochemka. Mji huo uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka mapema kadiri mtu anavyopanda. Kwa kweli hiyo ndiyo njia rahisi ya kukijaribu: kikionyesha 100 kwenye maji yanayochemka Tabora, kinazidisha.

Chombo cha pili ni jiko. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka kunahitaji nishati ya megajuli 30 hivi. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban megajuli 16, lakini mafiga matatu ya wazi huingiza kwenye chungu kama sehemu ya nane tu ya nishati hiyo. Iliyobaki huenda na upepo. Kwa hiyo kila kuchemsha hula kilo 15 za kuni. Jiko lililozungushiwa ukuta wa tofali za udongo, lenye mlango mdogo wa kuni na nafasi finyu kati ya pipa na ukuta, linaweza kufikisha robo ya nishati kwenye chungu. Kuni hushuka hadi kilo saba na nusu. Anayechemsha mara mbili kwa kila mapishi huokoa kilo 15, bila kuhesabu moto wa kuendeleza mchemko.

Katika mkoa ambao misitu ya miombo tayari hukatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku, akiba hiyo ina maana zaidi ya mfuko wa mpika pombe. Miombo hiyohiyo ndiyo malisho ya nyuki. Na jiko lenyewe hujengwa kwa tofali, udongo na siku moja ya kazi.

Ndoo, koki na mpira wa dripu

Chombo cha kuumulia kinachofaa ni ndoo au dumu la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana. Kwenye plastiki nyingi kuna alama ya pembetatu yenye namba. Namba 2 ndiyo ya plastiki ngumu inayotumika kwa madumu ya mafuta ya kula, na hufaa. Dumu liwe lilibeba chakula tangu mwanzo.

Fundi hutoboa tundu moja ubavuni, kama sentimita tano kutoka chini, na kufunga koki ya plastiki yenye mpira wa kuzuia kuvuja kila upande. Koki haiwekwi chini kabisa, kwa sababu hapo ndipo mashapo yanapotulia. Tundu la pili hutobolewa kwenye mfuniko na kupitishwa mpira mwembamba, mfano wa ule wa dripu, ambao haujatumika. Ncha yake ya nje hutumbukizwa kwenye chupa ya maji. Gesi inayotoka hububujika ndani ya maji, lakini hewa ya nje haiwezi kurudi. Kifaa hicho, ambacho katika nchi za viwanda huuzwa kikiwa kimetengenezwa tayari, hapa ni mpira na chupa iliyotupwa.

Njia hiyo ya gesi si pambo. Lita 20 za wanzuki iliyotengenezwa kwa kilo tatu za asali hutoa zaidi ya lita 500 za gesi mpaka kuumuka kuishe. Anayefunga mfuniko kabisa akidhani anazuia hewa anatengeneza bomu. Mpira nao ukizibwa na povu matokeo ni yaleyale, ndiyo maana chombo hakijazwi hadi juu. Robo moja huachwa wazi.

Joto ni adui mwingine. Mwezi Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, mchana wa Tabora hupita nyuzi 30, na pombe inayoumuka hujiongezea joto lake yenyewe. Hapo hewa kavu ya msimu huo huwa msaada: ndoo ikisimamishwa kwenye karai la maji kivulini na kuvikwa gunia ambalo ncha yake inagusa maji, maji hupanda kwenye gunia na kukauka, yakiondoka na joto. Ni kanuni ya mtungi wa maji ya kunywa, na haihitaji umeme.

Usafi hukamilisha kazi. Kinachoweza kuchemshwa kichemshwe: kitambaa, kata, mpira. Kwa ndoo na koki, kijiko kikubwa kimoja cha jiki isiyo na manukato kwenye lita tano za maji, kikae dakika 20, kisha chombo kisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Jiki isichanganywe kamwe na siki wala ndimu, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu. Koki ifunguliwe na kusafishwa ndani kila baada ya mapishi. Koki chafu huharibu pombe ya wiki inayofuata.

Vyombo vya kukataa

Kwa kuwa chombo kipya ni ghali, wengi hutafuta kilichotumika. Hapo ndipo hatari ilipo, hasa katika mkoa wa tumbaku. Dumu au pipa lililobeba dawa ya kuua wadudu, ya magugu au kemikali yoyote ya shambani halifai kwa pombe hata likioshwa mara kumi. Plastiki hunyonya dawa na kuitoa polepole. Vivyo hivyo kwa mapipa ya oili na rangi.

Bati lenye madini ya zinki, lile la ndoo za mabati na mapipa mengi ya maji, halifai pia. Pombe ina asidi, na asidi huyeyusha zinki. Mnywaji huishia kutapika. Lehemu yenye risasi ni mbaya zaidi kwa sababu madhara yake hayaonekani siku hiyohiyo, hujilimbikiza mwilini. Sufuria ya alumini inafaa kwa kuchemshia, lakini si kwa kuhifadhia pombe chachu kwa siku kadhaa. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora kuliko vyote, na bei yake inaonyesha hivyo.

Nafaka nayo ikaguliwe. Januari 2015, katika kijiji cha Chitima nchini Msumbiji, watu 75 walikufa na jumla ya walioathirika ilipita 200 baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzoni ilidhaniwa mtu alitia sumu. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba sumu ilitengenezwa na bakteria waliomea kwenye unga wa mahindi ulioharibika, na sumu hiyo haimalizwi kwa kuchemsha. Unga uliolowa au kuota ukungu si malighafi ya bei nafuu. Ni wa kutupa. Kimea cha mtama nacho kiondolewe mizizi na machipukizi baada ya kukauka, kwa kuwa humo hujikusanya kitu kinachotoa sumu ya sianidi.

Wanzuki: nafasi ya asali

Tabora ina kitu ambacho mikoa mingi haina. Asali yake ya miombo inajulikana nchini kote, mji una chuo cha mafunzo ya ufugaji nyuki, na wilaya kama Sikonge, Urambo na Uyui zina wafugaji nyuki wa miaka mingi. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya asali ya nchi hii imekuwa ikiishia kwenye pombe, hasa ile isiyofaa kwa chupa za dukani: yenye masega, chavua au maji mengi. Hata maji yaliyotumika kuoshea masega na vyombo vya kukamulia yana sukari ya kutosha kuanzishia pombe.

Wanzuki ina faida mbili za kibiashara. Haina uji wala kimea, hivyo vijidudu vya uchachu ni vichache. Pia asali inaweza kupimwa. Kilo tatu za asali zikikamilishwa kwa maji kuwa lita 20 hutoa wanzuki yenye kileo cha asilimia sita hivi. Anayetaka uhakika hutumia haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea. Kabla ya kuumuka kitasoma karibu 1.046, sukari ikiisha kitasoma 1.000 au chini kidogo. Tofauti ya namba hizo mbili ikizidishwa kwa 131 hutoa asilimia ya kileo.

Muhimu zaidi kwa biashara, haidromita husema lini ni salama kutia kwenye chupa. Ikisoma namba ileile kwa siku tatu mfululizo, kuumuka kumekwisha. Asali huumuka polepole kwa sababu haina chakula cha kutosha cha hamira. Kijiko cha hamira ya mkate iliyochemshwa na kufa hutumika kama mbolea kwa hamira hai. Anayetia kwenye chupa kabla ya wakati hujaza vioo vinavyoweza kupasuka mkononi mwa mteja.

Wanaotaka gesi ndani ya chupa hutia gramu sita za sukari kwa lita moja ya wanzuki iliyokwisha kuumuka, kisha hufunga. Chupa za plastiki za soda huhimili msukumo huo, za maji ya kunywa hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Plastiki ina faida nyingine: chupa ikibinywa ikawa ngumu kama ya soda mpya, gesi imetosha, na ihamishiwe mahali pa baridi.

Kegi: ndoto na gharama

Ndoto ya wengi ni kegi, lile pipa la chuma lenye bomba na gesi ambalo humimina glasi ya mwisho ikiwa safi kama ya kwanza. Ndoto hiyo si ya bure. Nchini Kenya, kampuni ya bia ilizindua Senator Keg mwaka 2004 kwa wanywaji wa kipato cha chini, kwa msamaha wa ushuru, ili kuwatoa kwenye pombe haramu. Baadaye bia hiyo ikawa soko kubwa la mtama wa wakulima. Lakini mwaka 2013 serikali ilipopunguza msamaha huo hadi asilimia 50, bei ilipanda, mauzo yakaporomoka na wakulima wa mtama wakakosa wanunuzi, mpaka msamaha ulipopandishwa hadi asilimia 90 mwaka 2015. Kegi ilifaulu kwa sababu ya mtaji, magari, gesi na kodi nafuu. Chuma peke yake hakikutosha.

Nchini Marekani, watu wanaojipikia bia nyumbani walipata uhuru wa kisheria baada ya Rais Jimmy Carter kusaini sheria ya mwaka 1978. Wengi wao wakaanza kutumia mapipa ya lita 19 yaliyokuwa yakibeba sharubati ya soda. Walipata mapipa yaliyokwisha kupimwa kiwandani, kwa bei ya mtumba, na gesi ya kaboni karibu na nyumbani. Tabora hali ni tofauti: mtungi wa gesi ya kaboni unatoka mbali, na unapokwisha kegi hugeuka kuwa pipa la kawaida.

Wapo mafundi wanaojitolea kutengeneza kegi kwa mtungi wa gesi ya kupikia uliokatwa. Jambo hilo likataliwe. Mabaki ya gesi hulipuka wakati wa kukata, chuma chake hushika kutu, na mtungi wenyewe mara nyingi ni mali ya kampuni. Anayeamua kutengenezewa chombo cha msukumo atumie chuma kisichoshika kutu, kilehemiwe na fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo, kiwe na vali ya kupunguza msukumo, na kijaribiwe kikiwa kimejaa maji kwa mara moja na nusu ya msukumo wa kazi. Hakijaribiwi kwa upepo: chombo cha maji kikishindwa huvuja, cha upepo kikishindwa huua.

Kwa wengi, jibu la kegi ni dogo na rahisi. Badala ya pipa moja la lita 100 linalofunuliwa tangu Ijumaa hadi Jumapili, pombe igawanywe katika madumu matano ya lita 20, kila moja na koki yake na mpira wake wa gesi. Linafunguliwa moja kwa wakati. Dumu la tano linapoanza kuuzwa, lilikuwa bado halijaonja hewa.

Hesabu

Tuchukue mfano, na kila msomaji aweke bei za mahali pake. Mama anapika lita 100 kwa wiki. Nafaka, kuni, maji na usafiri humgharimu sh 55,000. Anauza lita moja kwa sh 1,000. Anauza lita 70 kabla haijachacha na 30 zinapotea. Mapato ni sh 70,000, na faida sh 15,000.

Fundi anamwambia kwamba kwa sh 240,000 atamtengenezea jiko, madumu matano yenye koki, mipira na vipimo. Tuseme vyombo hivyo vinaokoa lita 20 kati ya zile 30, na wateja wa siku ya ziada wapo. Mapato yanakuwa sh 90,000 na faida sh 35,000. Ongezeko ni sh 20,000 kwa wiki, na deni linalipwa kwa wiki 12. Hesabu hiyo inavutia, na ndiyo wauzaji wa vyombo huionyesha.

Lakini kuna njia ya tatu isiyogharimu kitu. Mama huyo akipika lita 75 badala ya 100, gharama hushuka hadi sh 41,250. Anauza zilezile 70, na faida inapanda hadi sh 28,750. Ameongeza karibu mara mbili bila kununua hata koki. Sasa vyombo vilinganishwe na hali hiyo: vinaongeza sh 6,250 tu kwa wiki, na sh 240,000 zinahitaji wiki 39 kurudi. Kwa mkopo wa miezi mitatu, ni mtego.

Hii haina maana kwamba vyombo havifai. Ina maana kwamba hasara ya siku ya tatu ina sura mbili: pombe iliyoharibika, na pombe iliyopikwa zaidi ya soko. Vyombo hutibu ya kwanza. Ya pili hutibiwa na daftari. Mpika pombe aandike kwa wiki nne: lita alizopika, alizouza kila siku, na zilizobaki. Ikiwa wateja walikuja siku ya tatu wakaondoka kwa sababu pombe imechacha, anahitaji vyombo. Ikiwa hawakuja, anahitaji kupika kidogo.

Kisha anunue kwa mpangilio. Kwanza kipimajoto, kitambaa na jiki. Pili jiko, ambalo hulipa kwa kuni hata pombe ikichacha. Tatu madumu mawili yenye koki, ambayo yatamwonyesha kwa macho yake tofauti na pipa la zamani. Madumu mengine yanunuliwe kwa faida ya hayo mawili. Haidromita na chupa ni kwa mwenye wanzuki. Kegi ni kwa mwenye kilabu kinachomaliza pipa kila siku, na huyo pombe yake haichachi.

Sheria na msaada

Kuuza pombe ya kienyeji kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na ofisi ya biashara ya halmashauri ndiyo mahali pa kuanzia. Anayetaka kufungasha kwenye chupa kwa ajili ya maduka ahesabu pia Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 linasimamia usalama wa chakula. Vyombo hivi visigeuzwe kuwa mtambo wa gongo: kutonesha pombe kali bila leseni ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1966, na mtambo wa kienyeji huweza kuua. Marufuku ya viroba iliyoanza Machi 1, 2017 ilionyesha pia kwamba kifungashio chenyewe kinaweza kufungiwa. Anayewekeza kwenye chupa aulize kwanza.

Kwa ufundi, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani na vituo vya kuendeleza teknolojia katika baadhi ya mikoa, ikiwamo Kigoma na Shinyanga jirani na Tabora. Chuo cha ufundi cha VETA nacho hufundisha kulehemu. Kikundi cha wapika pombe kumi kinachopeleka kazi moja kwa fundi mmoja hupata bei ambayo mama mmoja hawezi kuipata, na hupata kitu kingine cha thamani: koki za aina moja, ambazo mpira wake ukichanika wa jirani unafaa.

Njia ya misafara ilipita Tabora kwa sababu palikuwa na maji, chakula na watu wa kubeba. Leo hapo pana asali, mtama na mafundi. Kilichowashinda wapika pombe wa mwaka 1857 katika siku ya tatu kinaweza kusogezwa hadi siku ya tano kwa koki, mpira na maji ya moto. Lakini daftari na kalamu vinunuliwe kabla ya koki, kwa sababu ndivyo vitakavyosema kama siku hiyo ya tano ina wateja.